Kijana wa Vinanda Viwili

Kware ni mtaa wa upande wa mashariki wa Nairobi, katika Embakasi, na jina lake lilitokana na machimbo ya mawe. Mtu apitaye huko Jumapili asubuhi husikia vinanda kabla hajawasikia wahubiri. Makanisa ni mengi, mengine ya mawe na mengine ya mabati, na ni machache yasiyokuwa na kinanda cha umeme na kijana wa kukipiga. Kijana huyo, mara nyingi, hakufundishwa muziki darasani. Alijifunza kwa kusikiliza, na kwa kuvitazama vidole vya mwenziwe aliyemtangulia. Akisha kuupata ufundi, huja siku akaitwa kupiga arusini, au hotelini usiku kwa malipo, na hapo huzuka swali nyumbani kwao: mikono iliyolelewa na kanisa ni mali ya nani?

Swali hilo lilipata kuulizwa, kwa ukali mwingi, katika nyumba moja ya mji wa New York zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kijana aliyehusika aliitwa Thomas Waller. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Fats, yaani Bwana Mnene, mpigaji wa piano na mtunzi wa nyimbo za kuchekesha. Lakini hapa sitamshughulikia sana yule mcheshi maarufu. Namtaka kijana wa kabla ya umaarufu, tangu alipopanda kiti cha kinanda mara ya kwanza hata alipotimiza miaka 25.

Kwanza tuelewane juu ya maneno mawili. Sisi wa Afrika Mashariki tulipolipokea neno «jazz» tulizivisha bendi zetu za magitaa: Morogoro Jazz, Shirati Jazz, na nyingine nyingi ambazo nguvu yao haikuwa katika piano. Jazi ya Marekani ni jambo jingine. Ilizaliwa na watu weusi wa nchi ile, wajukuu wa watumwa, na katika miji ya kaskazini piano ilikuwa mfalme wake. Neno la pili ni hilo hilo «kinanda». Zamani pwani yetu ilikuwa na kinanda cha nyuzi, cha kudonolewa kwa vidole. Wageni walipoleta vyombo vya vibao vyeupe na vyeusi, jina likahamia huko. Kwa hiyo Mswahili husema kinanda akataja kwa pamoja vyombo viwili ambavyo, kwa kweli, havifanani ila kwa sura ya vibao. Katika piano, kibao huinua kinyundo kikagonga uzi, na sauti huanza kufa pale pale inapozaliwa. Katika ogani, kibao hufungua njia ya upepo ukaingia katika bomba, na sauti husimama imara maadamu kidole hakijaondoka. Piano hutii nguvu ya kidole. Ogani haijali kama umeigusa au umeipiga ngumi. Tena ogani ina safu ya vibao vya miguu, ili nyayo zipige sauti nzito za chini. Mtu mwenye kujua kimoja hawi amekwisha kujua cha pili.

Thomas Wright Waller alizaliwa New York tarehe 21 Mei 1904. Wazazi wake, Edward na Adeline, walikuwa wamehamia huko kutoka jimbo la Virginia. Walijaliwa watoto 11, na watano tu ndio waliovuka utoto. Baba alifanya kazi ya uchukuzi wa mizigo, na pamoja na kazi hiyo alikuwa mhubiri wa Kibaptisti, mwenye msimamo mkali katika mambo ya dini. Mama alipenda muziki na aliujua. Kijana alianza piano akiwa na miaka 6, na alipofika miaka 10 alikuwa akipiga kinanda katika ibada za baba yake. Husimuliwa kwamba baba alipohubiri katika pembe za barabara, mtoto alikaa kando yake na kinanda kidogo cha upepo, akiwaita wapita njia kwa nyimbo kabla baba hajawaita kwa maneno. Mafunzo mengine ya muziki aliyalipia mwenyewe kwa mshahara wa kazi ya dukani.

Baba aliitazama mikono ile akaona mtumishi wa Mungu. Wala hakukosea kuona kipaji; ila kulikuwa na jumba jingine, katika mtaa huo huo wa Harlem, lililoona kipaji kile kile likakitaka kwa shughuli nyingine.

Jumba hilo lilikuwa Lincoln Theatre, katika Barabara ya 135. Sinema za siku zile zilikuwa bubu. Picha zilikimbia ukutani bila neno, na ilikuwa juu ya mpiga kinanda kuzipa hofu, kicheko na machozi. Lincoln ilikuwa na ogani kubwa ya mabomba, na Thomas alizoea kukaa mbele kabisa, macho yake yakiwa nusu kwa picha na nusu kwa mpigaji. Baadaye aliruhusiwa kushika zamu. Alikuwa amesoma muda mfupi tu katika shule ya sekondari iitwayo DeWitt Clinton. Akaiacha akiwa na miaka 15, akawa mpiga ogani wa Lincoln kwa mshahara. Kwa baba yake, jazi ilikuwa muziki wa Shetani, na sasa ilichezwa kwa chombo cha kanisa.

Lakini tutazame faida ya kazi ile kwa mpigaji kijana. Kanisani alikuwa amejifunza kuongoza watu waimbao pamoja, wala asiwakimbie wala asiwakokote. Katika sinema alijifunza kubadili mwendo ghafula: farasi akianguka, vidole vianguke naye, mwizi akinyata, nyayo zinyate juu ya vibao vya chini. Na watu wa Harlem hawakuwa wapole kama waumini. Wasipopendezwa walisema. Kila jioni kijana alifanya mtihani mbele ya watahini mia kadhaa, na majibu aliyapata papo hapo.

Mmoja wa waliokuja kumtazama alikuwa kijana wa Red Bank, New Jersey, jina lake William Basie, aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1904. Basie alikaa nyuma yake siku nyingi. Mwishowe Waller akamwalika karibu, akamwacha aketi chini, sakafuni, avibonyeze vibao vya miguu kwa mikono yake wakati yeye mwenyewe akipiga vya juu. Hivyo ndivyo Count Basie, aliyekuja kuwa kiongozi wa mojawapo ya bendi kubwa kabisa za Marekani, alivyopata somo lake la ogani: akiwa chini ya kiti cha rika lake.

Tarehe 10 Novemba 1920 mama yake Thomas alifariki dunia. Kijana alikuwa na miaka 16. Yeye ndiye aliyekuwa daraja kati ya baba na mwana. Daraja lilipovunjika, kila mmoja alibaki ng'ambo yake. Kijana akaondoka nyumbani, akapokewa na jamaa ya mpiga piano mmoja, Russell Brooks.

Katika nyumba ya Brooks kulikuwa na chombo ambacho wasomaji wengi hawajapata kukiona: piano ya kujipiga yenyewe. Ndani yake lilizunguka gombo la karatasi lililotobolewa matundu, na kila tundu lilishusha kibao chake, kana kwamba mzimu umeketi kitini. Magombo yalitobolewa kwa kufuata upigaji wa mabingwa, na bingwa wa Harlem alikuwa James P. Johnson, aliyezaliwa mwaka wa 1894. Kipande chake kiitwacho «Carolina Shout» kilikuwa kipimo cha kila kijana aliyetaka kuitwa mpiga piano. Thomas alilizungusha gombo lile polepole, akaweka vidole vyake juu ya vibao vilivyoshuka vyenyewe, akajifunza sauti moja baada ya moja. Duke Ellington naye, akiwa Washington, alijifunza kipande hicho hicho kwa njia hiyo hiyo. Naona somo hilo halikuwa mbali sana na la kijana wa Kware anayekitazama kidole cha mwenziwe. Tofauti ni kwamba mwenzi huyu hakuwapo, na hakuchoka kurudia.

Kisha Brooks akampeleka kwa Johnson mwenyewe, na mafunzo ya kweli yakaanza. Mtindo wa Johnson waliuita straidi, maana yake hatua ndefu. Mkono wa kushoto huruka bila kupumzika: hupiga sauti nzito chini kabisa, kisha huruka juu kukamata fungu la sauti katikati ya piano, hurudi chini, huruka tena, kama mtu mwenye miguu mirefu avukaye mto kwa mawe. Wakati huo mkono wa kulia hufanya utakalo. Mpigaji mmoja huwa bendi nzima. Mtindo huu ulikuzwa na dhiki: kodi za nyumba katika Harlem zilikuwa juu, na mpangaji aliyeshindwa kulipa alifanya karamu chumbani mwake, akatoza kiingilio kidogo, akamwita mpiga piano. Mpiga piano asiyeweza kuwachezesha watu peke yake hakuitwa mara ya pili. Waller alikuwa na mikono mikubwa kupita kawaida; iliweza kushika kwa mara moja vibao vyeupe kumi na zaidi, mahali ambapo wengine walilazimika kuruka. Na mimi huamini kwamba miguu yake pia ilimsaidia, ingawa haikugusa vibao vya piano. Aliyekwisha kuzoea kupiga ogani kwa nyayo hukua akizisikia sauti za chini kuwa msingi wa nyumba, si pambo lake, na mkono wa kushoto wa Waller ulikuwa na uzito huo.

Tufike sasa katika sahani za santuri. Tarehe 10 Agosti 1920 mwimbaji mweusi, Mamie Smith, aliimba «Crazy Blues» kwa kampuni ya Okeh, na sahani hiyo ikanunuliwa kwa wingi usiotazamiwa. Makampuni yakatambua kwamba watu weusi nao walikuwa na fedha za kununua muziki wao wenyewe. Yakaanza kuwatafuta waimbaji na wapigaji. Mlango huo ndio alioingia Waller. Mwezi wa Oktoba 1922, akiwa na miaka 18, alipiga piano peke yake kwa Okeh: «Muscle Shoals Blues» upande mmoja wa sahani, «Birmingham Blues» upande wa pili. Mwezi wa Desemba alimfuata mwimbaji Sara Martin kwa piano. Baadaye kidogo alianza kutoboa magombo ya piano za kujipiga, na pengine vijana wengine waliweka vidole vyao juu ya vibao vilivyoshushwa na mzimu wake, kama alivyofanya yeye kwa Johnson.

Mtu akizisikiliza leo zile pande mbili za sahani ya kwanza huweza kuvunjika moyo. Upigaji ni safi lakini wa tahadhari, na mkono wa kushoto husikika kama uko nyuma ya ukuta. Lawama nyingine ni ya kijana, nyingine ni ya chombo. Siku hizo hapakuwa na umeme katika kunasa sauti. Mpigaji alipiga mbele ya pembe kubwa. Mawimbi ya sauti yaliingia katika pembe, yakatikisa utando mwembamba, na utando ukaisukuma sindano iliyokwaruza mfuo katika nta. Nguvu yote ya kukwaruza ilitoka katika sauti yenyewe. Sauti za kati zilipita. Zile nzito sana na zile nyembamba sana zilipotea njiani. Kwa piano ilikuwa hasara kubwa. Kwa ogani ya mabomba, ambayo uzuri wake wote umo katika uzito wa chini na katika mwangwi wa jumba zima, ilikuwa karibu sawa na kuteka bahari kwa kikombe. Kwa hiyo miaka ile ya kwanza kinanda cha pili cha Waller, kile cha utoto wake, hakikusikika katika sahani.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1925, makampuni makubwa ya Marekani yalipoanza kutumia maikrofoni na umeme. Kampuni ya Victor, yenye makao yake Camden katika New Jersey, ilikuwa tayari na mahali pa kufaa. Ilikuwa imenunua jengo la kanisa moja la mji huo, ikaligeuza kuwa chumba cha kunasia muziki kwa sababu sauti iliitika vizuri ndani yake, na humo iliweka ogani ya mabomba iliyotengenezwa na Estey. Kanisa hilo lilikuwa la Kibaptisti.

Tarehe 17 Novemba 1926 Waller aliingia humo, umri wake miaka 22. Hapakuwa na waumini, wala mhubiri. Palikuwa na mafundi, saa ya ukutani na maikrofoni. Alipiga «St. Louis Blues» ya W. C. Handy, na wimbo wake mwenyewe, «Lenox Avenue Blues», uliopewa jina la barabara kuu ya Harlem. Shida ya kucheza jazi kwa ogani ni kwamba jazi hutaka mdundo uliokatwa sawasawa, na ogani kwa tabia yake hutaka kuvuta. Waller hakushindana nayo kwa haraka. Aliugusa mdundo kwa nyayo, kwa wepesi, akazifupisha sauti kwa kuinua vidole mapema, na pale alipotaka kuhuzunisha aliiacha ogani ifanye kazi yake ya asili, isimame na kuomboleza. Humo kanisa na baraza la dansi vinasikika kwa pamoja, wala kimoja hakimwonei haya mwenziwe. Katika mwaka wa 1927 alirudi mara kadhaa: akapiga peke yake, akapiga pamoja na kundi la Thomas Morris, akamsindikiza mwimbaji Alberta Hunter. Alijaribu hata vipande vya Bach, bwana mkubwa wa ogani ya Ujerumani. Lakini hivyo kampuni haikuvitoa. Watu weusi walitazamiwa kuuza bluzi.

Maisha yake nje ya chumba kile hayakuwa na utulivu. Alikuwa ameoa mapema mno, akazaa mtoto, ndoa ikavunjika mwaka wa 1923, na mahakama ikamwamuru kulipa fedha za matunzo. Hakulipa sawasawa, na deni likamfuata miaka mingi. Akihitaji fedha leo, aliuza leo wimbo ambao ungemlisha kesho, tena kwa bei ya kutupa. Wala si haki kumtupia yeye lawama yote: wanunuzi waliijua shida yake, nao waliingoja.

Siku ninayoipenda kuliko zote katika habari hii ni 27 Machi 1928. Siku hiyo Waller alirudi Camden akiwa na James P. Johnson. Wawili hao walikuwa wakishirikiana katika mchezo wa kuigiza wa Broadway uitwao Keep Shufflin', uliofunguliwa mwezi wa Februari, na sasa walileta wenzao wawili: Jabbo Smith mwenye tarumbeta na Garvin Bushell mwenye zumari za namna mbalimbali. Mwalimu alikaa kwenye piano; mwanafunzi akakaa kwenye ogani. Bushell alikumbuka baadaye kwamba mabomba ya ogani yalikuwa katika chumba kingine, mbali na walipokaa wao. Sauti ilichelewa kufika. Waller akilingana na wenzake kwa kidole, kwa sikio angekuwa amechelewa. Ilimbidi apige mbele ya mdundo, kila mara, akikisia urefu wa safari ya sauti, ili vyote vifike pamoja. Sahani zao zikatoka kwa jina la Louisiana Sugar Babes. Sikiliza «Willow Tree» utaona jinsi jambo hilo gumu lilivyofichwa: muziki ni mpole, kama watu wanne wanaozungumza barazani jua likizama.

Mwaka huo huo wa 1928, kwa njia, Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari kwenda Bombay na wapigaji wake ili sauti yake inaswe kwa kampuni ya HMV. Wakati ule mwanamuziki ndiye aliyesafiri kuifuata mashine.

Tukitaja bahari yetu, tumtaje na mtu aliyeandika maneno ya nyimbo za Waller. Watu walimwita Andy Razaf, lakini jina lake kamili lilikuwa Andriamanantena Paul Razafinkarefo, na lilitoka Madagascar. Baba yake alikuwa wa ukoo wa Malkia Ranavalona wa Tatu, akauawa Wafaransa walipoivamia nchi ile mwaka wa 1895. Mama yake, binti wa Mwamerika mweusi aliyekuwa balozi mdogo huko, alirudi kwao akiwa mjamzito, na mtoto akazaliwa Washington. Razaf na Waller ndio waliotunga, mwaka wa 1929, «Ain't Misbehavin'» na «Black and Blue». Huo wa pili ni wimbo wa uchungu wa mtu anayedharauliwa kwa ajili ya rangi yake. Louis Armstrong aliziimba zote mbili. Mapema mwaka huo, tarehe 1 Machi, Waller alikuwa amepiga «Handful of Keys» kwa piano peke yake. Huko mkono wa kushoto ambao pembe ya mwaka wa 1922 haikuweza kuumeza wote unasikika kamili, unaruka bila kukosea hata jiwe moja. Alikuwa bado hajatimiza miaka 25.

Yaliyofuata yanajulikana: redio, sinema, bendi yake ndogo, vicheko, kofia iliyoinama, na pombe nyingi mno. Alifariki tarehe 15 Desemba 1943 ndani ya gari la moshi, lilipokuwa limefika Kansas City. Alikuwa na miaka 39.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwezi wa Agosti 1938, alikuwa London. HMV, kampuni ile ile ya sahani za Siti, ilimkaribisha katika chumba chake cha Abbey Road, ambamo mlikuwa na ogani. Angeweza kuchagua vichekesho vilivyomtajirisha, na wenyeji wake wangefurahi. Alivipiga baadhi. Kisha akafuatisha nyimbo za kiroho za wazee wake watumwa, «Swing Low, Sweet Chariot» na «Deep River», nyimbo ambazo mtoto wa mhubiri huzijua kabla ya kujua kusoma. Akazipiga polepole, bila mzaha, nyayo zake zikiwa juu ya vibao vya chini.